Kidonda cha sikioni hakiponi, na shule haitaki kofia

*Shikamoo Shangazi.*

*Nakusoma kila wiki ila sijawahi kuandika. Leo imenibidi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sengerema, nauza dagaa sokoni. Mtoto wangu wa pili ana miaka 11, yuko darasa la tano, naye ana ualbino. Dada yake na mdogo wake ni weusi kama sisi wazazi wao.*

*Nimejitahidi sana, Shangazi. Akiwa nyumbani hatoki nje mpaka jua lizame. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla hajaenda shule, nampaka losheni ya jua usoni, shingoni na mikononi. Tyubu niliinunua Mwanza mwezi wa pili kwa shilingi 38,000, mume wangu akanuna wiki nzima. Kwa hiyo naitumia kwa adabu: natoa kiasi cha punje moja ya harage, nasambaza. Tyubu yenyewe ni ya mililita 100, na mpaka leo, mwezi wa sita, bado imebaki robo.*

*Pamoja na hayo ngozi yake inaharibika. Shingoni kuna madoadoa ya kahawia, mdomo wa chini unapasuka kila mara, na juu ya viganja kuna sehemu zimekuwa ngumu, ukipitisha kidole zinakwaruza. Kinachoninyima usingizi ni sikio la kushoto. Juu kabisa, kwenye ukingo, palitoka kama kipele, kikafanya gamba. Gamba likibanduka panatoka damu kidogo, halafu linarudi. Huu ni mwezi wa tatu. Mama mkwe anampaka majani aliyotwanga. Jirani naye kaniletea krimu ya kwenye kopo dogo lisilo na maandishi, eti inaondoa madoa. Nilimpaka siku nne, ngozi kweli ikalainika, nikaogopa nikaacha.*

*Shuleni sare ni shati jeupe la mikono mifupi na kaptula ya bluu. Nilimshonea kofia ya kitenge, mwalimu wa zamu akamvua mstarini mbele ya wenzake, akasema kofia si sare. Jumatatu wanasimama mpaka matangazo yaishe, na kwenye michezo na kumwagilia bustani hakuna anayeachwa. Mtoto mwenyewe anapenda mpira kuliko chakula. Baba yake anasema nimtoe shule akae nyumbani, kwanza hata ubaoni haoni.*

*La mwisho naona aibu kuliandika. Nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe anasema kwao hapajawahi kuzaliwa zeruzeru, kwa hiyo nimelileta mimi, na huyu anayekuja atakuwa vilevile. Ni kweli? Na shule, nimtoe?*

*Mama Mwenye Mawazo, Sengerema*

Marahaba, mwanangu.

Umeyapanga mambo yako kwa jinsi yanavyokuuma. Niruhusu mimi niyapange kwa jinsi yanavyoharakisha, kwa hiyo mimba na mama mkwe watasubiri mwisho. Tuanze na sikio.

Mpeleke hospitali wiki hii, usingoje shule zifungwe wala dagaa wachangamke. Kidonda kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino, kikiwa mahali panapopigwa na jua, kinabanduka gamba, kinatoa damu, kinarudi, na kimepita wiki nne bila kufunga, hicho usikiite kipele mpaka daktari akuambie ni kipele. Sisemi mwanao ana saratani. Sijamwona, na inawezekana kabisa ni ngozi iliyoungua ikachokozwa na majani. Nasema tu kwamba kwa macho huwezi kujua, mimi siwezi, na mama mkwe wako pia hawezi. Saratani ya ngozi inayowapata zaidi watu wenye ualbino huku kwetu Afrika huanza kinyonge hivyohivyo, na inapenda ukingo wa sikio, mdomo wa chini, pua, shingo na mgongo wa kiganja. Ikikamatwa ingali ndogo, daktari anachoma ganzi, anakata, anashona, mtoto anarudi darasani na plasta yake.

Ikiachwa, nitakuambia nilichokiona. Nilipokuwa muuguzi kliniki ya ngozi alikuja kijana mmoja fundi baiskeli, kavaa kapelo ameivutia upande mmoja. Hakukaa kwenye benchi na wenzake, alisimama mlangoni kwa sababu ya harufu. Nilipomvua kapelo nikakuta kitambaa kimegandia, nikakilowesha kwa maji ya chumvi karibu nusu saa ndipo kikaachia. Chini yake sikio halikuwepo. Akaniambia kilianza kama kipele, miaka miwili nyuma. Nikamuuliza, miaka miwili yote ulikuwa unafanya nini? Akanijibu kwa upole kabisa, "Nilikuwa napaka dawa."

Kwa hiyo majani yaishe leo. Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba daktari atataka kukiona kidonda kikiwa kitupu. Anzia hospitali hapo Sengerema, na wakisema hawana mtaalamu wa ngozi, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, hakuna tena kushinda ukingoni mkisubiri kivuko. Mkifika, mvue mtoto shati, daktari amkague mwili mzima. Asiangalie sikio tu akamaliza. Zile sehemu za juu ya viganja zinazokwaruza kama msasa ni jua la miaka lililojilimbikiza, na ndizo zinazoweza kugeuka mbele ya safari. Nyingi zinatibika kwa kugandishwa kwa baridi kali, dakika chache tu. Baada ya hapo awe anakaguliwa angalau mara mbili kwa mwaka hata kama hana kinachomuuma.

Kopo la jirani lipeleke pia, daktari alione, halafu litupe. Krimu isiyo na jina inayolainisha ngozi kwa siku nne, mimi naijua kwa jina moja tu: mkorogo. Humo mara nyingi mna steroidi inayoifanya ngozi kuwa nyembamba, au hidrokwinoni, kemikali ya kuchubua, au zebaki, na hizi mbili za mwisho zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Ngozi ya mwanao haina melanini ya kutosha, ile rangi inayoukinga mwili na miale ya urujuanimno ya jua. Ukiipunguza unene tena, umebomoa hata ukuta wa udongo uliobaki. Ulifanya vizuri kuogopa. (Na ninyi wasomaji wangu weusi mnaojichubua: mama huyu anatoa 38,000 kutafuta nusu ya kinga mliyozaliwa nayo, ninyi mnalipa ili iondoke.)

Sasa losheni. Mwanangu, uliposema tyubu ya mililita 100 imekaa miezi minne, hapo ndipo nilipojua mtoto anaunguaje huku mama yake akihangaika. Uso, masikio na shingo peke yake vinahitaji kama kijiko kimoja cha chai, ambacho ni mililita 5. Ongeza mikono mpaka juu ya kiwiko, maana shati ni la mikono mifupi, na miguu, maana ni kaptula. Ukipaka inavyotakiwa, tyubu yako haivuki wiki. Namba ile kubwa ya kinga iliyoandikwa kwenye tyubu, 30 au 50, hupimwa kwa losheni iliyopakwa nene. Punje ya harage ikisambazwa mwili wote haikupi 30, inakupa harufu nzuri.

Halafu angalia na saa. Unampaka saa kumi na mbili asubuhi. Jua linakuwa kali kuanzia saa nne mpaka saa kumi jioni, na losheni hukaa saa mbili hivi, jasho na taulo vikaimaliza mapema zaidi. Yaani umekuwa ukimlinda wakati ambapo jua halijaamka, kisha linapoamka yuko mtupu. Sikulaumu. Maelezo ya kwenye tyubu yenyewe yameandikwa kidogo hivi kwamba hata mimi mwenye miwani nayasogeza dirishani. Mpakie losheni kwenye kichupa safi, akae nacho kwenye begi, na mapumziko ya saa nne ajipake mwenyewe. Miaka 11 anaweza. Mfundishe mbele ya kioo: juu ya masikio na nyuma yake, kisogo, pembeni mwa pua, juu ya viganja. Mdomo wa chini unataka yake, ile ya kupaka midomo yenye kinga ya jua. Vaselini na mafuta ya nazi vinalainisha tu, jua vinaliacha lipite.

Najua unachowaza: tyubu kwa wiki kwa 38,000, mume atanuna mwaka mzima. Ndiyo maana nataka losheni uihesabu mwisho. Kinga ya kwanza ya mwanao ni nguo. Kila mahali palipofunikwa na kitambaa kizito ni mahali ambapo hutapaka, na kitambaa hakifutiki kwa jasho wala hakiishi nguvu ifikapo saa nne. Akivaa suruali, shati la mikono mirefu na kofia pana, kinachobaki ni uso, shingo kwa mbele na viganja. Hapo tyubu inaanza kueleweka.

Lakini si kila nguo. Chukua lile shati lake jeupe la sare, liinue usawa wa jua uangalie. Ukiuona mwanga umepenya kwenye nyuzi, ujue na miale inapenya hivyohivyo, na likilowa jasho hali ni mbaya zaidi. Fanya hivyohivyo na kitenge kizito au kaki. Umeona tofauti? Hicho ndicho kipimo, wala hakina gharama. Kama shule imeshikilia shati jeupe, avae fulana ndani, fundi aongeze mikono, na achague kitambaa kilichoshikana. Kapelo usimnunulie, inafunika paji la uso na kuyaacha masikio na shingo, na wewe tayari unajua sikio linasemaje.

Losheni yenyewe ulizia kabla ya kununua nyingine. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kulianzishwa utengenezaji wa losheni iitwayo Kilisun, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa kupitia kliniki za ngozi. Waulize hapo hospitalini, na uwaulize Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, kipo tangu 1978. Kwenye chama utakutana na kina mama waliokutangulia, na hilo kwangu lina thamani kuliko tyubu. Losheni ukiipata usiiweke dirishani wala karibu na bati, joto linaiharibu, na soma tarehe ya mwisho.

Shule usimtoe. Hilo halina mjadala, ila namna ya kwenda kuliongea ina mjadala mkubwa.

Usiende kwa mwalimu wa zamu, huyo alikuwa anatekeleza kanuni na sasa ana aibu yake ya kulinda. Nenda kwa mwalimu mkuu, saa za mchana ambapo watoto wako madarasani, pamoja na mume wako, mkiwa na barua ya daktari mkononi. Ndiyo, na mume. Mwalimu mkuu akimwona baba ameacha kazi kuja kuzungumzia kofia, ataelewa si mapambo. Na kofia isiwe ya kitenge. Fundi aishone kwa kitambaa kilekile cha kaptula, bluu kwa bluu, na suruali vilevile. Ikifanana na sare, mwalimu wa zamu hana la kusema, na mtoto hatajiona kavaa nguo za sherehe katikati ya wenzake. Ombeni asimame mstarini kwenye kivuli, hata kama ni peke yake chini ya mti. Ombeni kumwagilia bustani kubadilishwe kwa kazi ya ndani, kufagia darasa au kupanga vitabu, maana mkisema aachwe kabisa wenzake watamchukia. Wakigoma, hapo ndipo mtaje kwa utulivu kwamba ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba mtapita kwa afisa elimu kata. Nadhani hamtafika huko. Walimu wengi niliokutana nao walikuwa hawajaambiwa tu, mtoto mwenyewe hasemi na mzazi anaogopa ofisi.

Kuhusu ubao, baba yake asichanganye macho na akili. Ualbino unapunguza uwezo wa kuona mbali na kuyafanya macho yaumizwe na mwanga, na mengine hucheza-cheza. Miwani husaidia wengine, haiwarudishii wote macho kamili. Akaguliwe kliniki ya macho siku hiyohiyo mtakayokwenda kwa sikio. Darasani akae mbele, mgongo kwa dirisha, na aruhusiwe kusimama kwenda ubaoni kusoma. Na miwani ya giza ya barabarani isiyo na kinga ya miale usimnunulie. Giza lake linaifanya mboni ifunguke, miale inaingia mlango ukiwa wazi.

Nimeacha mpira makusudi, kwa sababu hapo nina ugomvi kidogo na wewe. Kumfungia ndani mpaka magharibi kumemlinda, lakini mtoto wa miaka 11 anayependa mpira hafungiki, atatoroka, na akitoroka hatavaa kofia. Mpe kanuni anayoweza kuishika mwenyewe: aangalie kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye, aingie ndani au chini ya mwembe wenye majani mazito, mpapai haumsaidii kitu. Kikiwa kirefu kuliko yeye, acheze, na kofia yake kichwani. Ninyi Sengerema mko karibu sana na mstari wa ikweta, katikati ya mchana jua linakaribia utosi na kivuli kinakusanyika miguuni. Siku ya mawingu isimdanganye. Mawingu yanapunguza joto, miale mingi inapita, na watu wengi huungua siku ambayo hawakusikia joto. Kuanzia saa kumi na moja kasoro mwachie uwanja. Hofu ya kumwacha aende peke yake naijua ilikotoka, sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kukumbushwa, basi aende na dada yake na wenzake, kundi.

Sasa mimba.

Ualbino huu unarithiwa kwa baba na mama pamoja. Kila mmoja wenu amebeba kinasaba kimoja cha ualbino bila kujua, ngozi yake ikiwa nyeusi kama kawaida, na mtoto wenu akachukua kimoja kwako na kimoja kwa baba yake. Angekipata kwako peke yako angezaliwa mweusi kama dada yake. Kwa hiyo kama ni kuleta, mmeleta wote wawili, na mume wako naye alikitoa kwa mmoja wa wazazi wake. Usimwambie mama mkwe hivyo kwa ukali, huenda naye usiku anajiuliza. Mume ndiye amweleze mama yake, na amweleze akiwa ameketi naye jikoni, si mbele ya mashemeji.

Na huyu anayekuja? Kwa kila mimba yenu uwezekano ni 1 kati ya 4 kwamba mtoto atakuwa na ualbino, na 3 kati ya 4 kwamba hatakuwa nao. Kila mimba inaanza hesabu yake upya, aliyezaliwa kabla hapunguzi wala haongezi. Wewe hukula kitu, hukuangalia kitu, hukukosea mzimu wa mtu. Akizaliwa na ualbino, safari hii utamkinga toka wiki ya kwanza, na ngozi iliyokingwa toka utotoni ni ngozi nyingine kabisa. Na lile neno aliloliandika mama mkwe kupitia kalamu yako, lisisikike ndani ya nyumba. Kijana wako anasikia.

Kwa hiyo kesho hospitali, Jumatatu shule, fundi wakati wowote katikati. Fundi akikuuliza ukingo wa kofia uwe mpana kiasi gani, mwambie vidole vinne vya mtu mzima, kuzunguka kote, na nyuma auongeze kidogo ulalie shingo. Ndani aweke kile kitambaa kigumu wanachowekea kola, ili usilegee ukamfunika macho akiwa anakimbiza mpira.

Niandikie daktari amesema nini kuhusu sikio.

Shangazi